Mabati ya shangazi

Nilikuwa natafuta kamba ya kufungia mbuzi nilipoyakuta. Chumba cha ndani cha tembe la shangazi hakina dirisha, kwa hiyo niliingia na tochi ya simu. Nikapapasa nyuma ya kitanda, mkono ukagonga kitu cha baridi, kikalia. Nikavuta gunia lililokifunika. Mabati. Geji 30, futi kumi, bado yanang'aa kama yametoka dukani asubuhi ile. Nikayahesabu: kumi na moja.

Juu ya kichwa changu paa lilikuwa lilelile la miaka yote, miti na fito na udongo. Asiyelijua tembe la Kigogo ajue hivi: ni nyumba ya paa bapa, na paa lenyewe ni udongo. Ni nyumba nzuri sana wakati wa kiangazi, haichomi mchana, haigandishi usiku. Lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo udongo unalewa maji, unaanza kudondosha. Usiku ule ulikuwa wa Januari. Sufuria mbili na beseni vilikuwa sakafuni vimekinga matone, na mtu mwenye mabati kumi na moja nyuma ya kitanda alikuwa amelala amejikunja upande mmoja ili asilowe.

"Shangazi, haya mabati ni ya nani?"

Akanitazama kama nimemvua kanga mbele za watu. "Funika."

"Ni ya nani lakini?"

"Yangu. Funika kwanza."

Nikafunika. "Mbona huezeki?"

"Nikiezeka watanifuta."

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Watanifuta, yaani wataliondoa jina lake kwenye daftari la walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kijijini hakuna anayeuita hivyo. Wanasema "hela za Tasafu", kwa jina la TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, basi. Hakuna ofisa aliyewahi kumwambia kwamba bati ni kosa. Aliunganisha mwenyewe. Alikumbuka maswali ya siku aliyoandikishwa: paa la nini, ukuta wa nini, sakafu ya nini, choo kipo, redio ipo, wanaolala humu ni wangapi. Mtu aliyeulizwa hivyo mara moja na kuanza kulipwa baada ya majibu hayo hahitaji kuelezwa uzito wa paa. Alikuwa amefaulu mtihani kwa kuwa na udongo juu ya kichwa. Kwa nini abadilishe jibu?

Nataka kuzungumzia jambo hilo, kwa sababu kila mjadala wa misaada ya serikali ukianza, iwe kwenye daladala au kwenye simu, unaishia kwenye swali moja lililochoka: je, hela za bure zinawafanya watu wavivu? Nimelisikia swali hilo maisha yangu yote, na kwangu lina kidonda chake. Mimi ni Mgogo. Shuleni, bwenini, ukisema unatoka Dodoma utani ulikuwa umeshajipanga: "Ahaa, kwenu kwa Matonya!" Mzee yule alikuwa ombaomba maarufu kuliko wote Dar es Salaam, na kwa ajili yake kabila zima tukabebeshwa bakuli. Kwa hiyo mimi nilikua nikiuogopa msaada kuliko wengi. Nilikuwa tayari kabisa kuamini kwamba unaharibu watu.

Kwetu kuna neno kuhemea. Ni kufunga safari kwenda kutafuta chakula mahali kilipo, kwa ndugu, kwa marafiki, kwa watani, kwa yeyote. Bibi alikuwa akisimulia njaa kubwa aliyosimuliwa naye, ile ya Mtunya, iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia, na kila hadithi yake ilikuwa ya mtu anayetembea. Kuhemea hakukuwa aibu. Ulikuwa mfumo, leo kwako kesho kwangu. Mjini ndiko tulikoambiwa kuwa ni kuomba.

Sasa nirudi kwenye daftari. TASAF yenyewe ilianza mwaka 2000, wakati wa Rais Mkapa, na kwanza ilijulikana kwa madarasa, zahanati na visima. Hela mkononi zilikuja baadaye, kwa majaribio, katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Chamwino ndiko kwetu. Vijiji 80 vilichaguliwa, 40 vikaanza kulipwa mwaka 2010 na 40 vikasubiri ili watafiti walinganishe. Chetu hakikulipwa. Tulikuwa tunasikia habari za kijiji cha jirani kama mtu anavyosikia ngoma ya harusi asiyoalikwa. Agosti 2012 Rais Kikwete akauzindua mpango mkubwa, Dodoma hapohapo, na ndani ya miaka mitatu kaya zilizokuwa zikilipwa nchini zilipita milioni moja.

Shangazi aliingia kwenye wimbi hilo. Anaishi na wajukuu wawili ambao mama yao alifariki. Hesabu ya kaya yake ilikuwa hivi: ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi, 4,000 kwa sababu kuna watoto, na 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi mradi anahudhuria. Jumla 18,000. Ilikuwa ikilipwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo siku ya dirisha, yaani siku ya malipo, alikuwa akipokea 36,000.

Siku ya dirisha niliishuhudia mara moja, nikiwa nyumbani likizo. Ni kama gulio. Wanawake wamekaa kwenye kivuli tangu saa moja asubuhi na vitambulisho vyao kwenye mifuko ya plastiki, vidole gumba vina wino wa buluu, watoto wanatambaa katikati. Pembeni kuna muuza maandazi, muuza mitumba na, hatua kumi kutoka mezani, mwenye duka akiwa na daftari lake la madeni, anatabasamu na kila mtu. Shangazi alipokea, akahesabu mara mbili, akaingia kwenye msitari wa pili usio rasmi. Deni la duka, 9,000. Hisa za kikoba, 4,000. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, madaftari. Kabla ya saa sita alikuwa amebaki na hela ya tetea mmoja, na akamnunua tetea mmoja. Nilikuwa nikijiuliza mvivu yuko wapi hapo.

Baba mdogo ana jibu. Yeye ni mtu wa jembe, ana ekari kadhaa za alizeti, na anamnukuu Mwalimu Nyerere kama wengine wanavyonukuu Biblia. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," anasema. "Sasa hawa serikali imewaambia wakae siku zote." Na ushahidi anao: siku hizi vibarua wa palizi hawapatikani. Zamani unatoa sauti tu asubuhi, watu kumi wako shambani. Sasa unazunguka kitongoji kizima unapata wawili, tena wanapatana bei.

Nilimuuliza zamani alikuwa analipa nini.

"Kisado cha mahindi kwa ngwe moja."

Na sasa?

Akanywa chai. "Sasa wanataka hela."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hesabu ya kwetu. Ugogo tuna msimu mmoja tu wa mvua. Inaanza Desemba, ikijisikia vibaya inaanza Januari, na Aprili imeondoka. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 na ushei. Uwele na mtama vikishaota kuna wiki mbili tatu za palizi zinazoamua mwaka wako wote. Ukipalilia kwa wakati unavuna. Ukichelewa, magugu yanakunywa yale maji machache, wewe unavuna mabua. Sasa wiki hizohizo ndizo vihenge vimebaki vumbi. Mwenye njaa anafanyaje? Anakwenda kupalilia shamba la mwenye chakula. Anarudi jioni na kisado chake, watoto wanakula, na kwake magugu yamefika magotini. Mwezi wa tano anavuna magunia mawili pale ambapo angevuna matano. Desemba kihenge kimekauka tena. Januari anasimama tena mlangoni kwa baba mdogo.

Kazi anafanya, tena kuliko mtu yeyote kijijini. Anafanya kazi mpaka anafukarika. Na walichofanya wale wawili wanaopatana bei ni kitu kidogo tu: walikuwa na unga ndani ulionunuliwa kwa hela ya dirisha la Novemba, wakapalilia kwao kwanza. Baba mdogo aliona uvivu kwa sababu alikuwa akitazama shamba lake. Angetembea mita mia tatu upande wa pili angewaona wameinama.

Simlaumu sana. Mtu aliyezoea vibarua wa kisado lazima auone uhuru wa mwenzake kama ukosefu wa adabu. Lakini tangu siku ile, kila ninaposikia mtu analalamika kwamba misaada inawafanya maskini wasifanye kazi, nauliza kimoyomoyo: kazi ya nani, na kwa malipo gani?

Nilipomrudishia Mwalimu wake nilitumia Azimio lenyewe. Azimio la Arusha, 1967, lilipokuwa linaeleza nchi isiyo na unyonyaji, lilisema kila anayeweza kufanya kazi afanye, kisha likawatoa watu fulani: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao taifa kwa wakati huo haliwezi kuwapa kazi. Hilo kundi la mwisho watu hulisahau. Mwalimu alijua kuna wenye mikono mizima ambao mikono yao haina pa kushika. Baba mdogo alisema nimesoma sana, akaomba chai nyingine.

Watafiti nao wamehangaika na swali lilelile. Mwaka 2017 wachumi kadhaa, akiwemo Abhijit Banerjee ambaye baadaye alipata Nobel, walikusanya majaribio saba ya mipango ya serikali ya kugawa hela katika nchi sita, kuanzia Mexico na Honduras mpaka Indonesia na Morocco, wakitafuta ushahidi kwamba watu wakipewa hela wanaacha kazi. Hawakuupata. Na majaribio yale ya kwetu ya Chamwino na wenzake, matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha watoto wadogo walipungua kuugua, kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya, watoto wengi zaidi walimaliza la saba, na kaya zilikuwa na kuku na mbuzi zaidi. Kuku! Niliposoma hapo nilimkumbuka shangazi na tetea wake.

Tetea yule alikufa, kwa taarifa yenu. Yeye na vifaranga tisa, kwa kideri, wiki moja. Dirisha lililofuata shangazi akanunua mwingine, na mara hii akachangiana na jirani kichupa cha chanjo, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Kutoka hapo kuku wakaongezeka. Wanunuzi wa kutoka mjini Dodoma hupita na pikipiki zenye matenga, na mambo yakienda vizuri majogoo wawili wanatoa bati moja. Yale mabati kumi na moja, kwa hiyo, ni kuku. Ni kuku waliosimamishwa nyuma ya kitanda.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna dodoso litakalokiona, nacho kilitokea Dar es Salaam, kwenye simu yangu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kupata kazi ya mshahara, na wenzangu wa namna hiyo mnaelewa maana yake. Mnaijua simu inayoita tarehe 27. Salamu ndefu, habari za mvua, habari za ng'ombe, kisha kimya kifupi, na hapo unajua mzinga unakuja. Bima ya jamii ya nchi hii, kwa muda mrefu, imekuwa binamu mwenye ajira. Miaka yangu mitatu ya kwanza ya kazi sikuweka akiba hata senti. Nilikuwa nahamisha mshahara kuupeleka kwenye sukari, sare na dawa. Siku moja nikagundua kwamba shangazi amepiga simu, "Mbukwa, mwanangu," tukaongea, akakata. Hakuomba kitu. Nikampigia kuuliza kama anaumwa. Mwaka uliofuata nililipa ada ya kozi ya jioni niliyokuwa naiahirisha. Serikali ilimpa yeye 18,000 na fursa ikaniangukia mimi, kilomita mia tano mbali.

Kwa hiyo msimamo wangu juu ya ruzuku ungekuwa mwepesi kama nisingeingia chumba kile kutafuta kamba.

Mwaka ule ule wa sufuria sakafuni, gunia moja la mtama wa shangazi liliota. Liliota ndani ya nyumba, kwenye kona iliyovuja, vichipukizi vyeupe vinachungulia kwenye nyuzi za gunia. Thamani yake ilizidi hela ya dirisha. Bati lingelinda gunia, gunia lingelinda Januari, Januari ingelinda palizi. Badala yake bati lilikuwa linalindwa na gunia.

Na si yeye peke yake. Ukikaa kijijini ukanyamaza, unaona. Kuna mbuzi wa dada wanaolala kwa kaka. Kuna kijana aliyerudi kutoka mjini na pikipiki yake, ambaye akiulizwa na mgeni anasema anapita tu. Kuna mama aliyeweza kusakafia chumba na hajasakafia. Watu wanapanda ngazi huku wakifuta nyayo. Mali iliyofichwa haizai kama mali iliyo wazi: huwezi kuiwekea dhamana kikobani, huwezi kumwonyesha mnunuzi, huwezi hata kujisifu nayo, na kujisifu kijijini ni mtaji, msicheke.

Siku ya mwanzo ilikuwa tofauti kabisa. Kwenye ule mkutano wa hadhara wa kutambua kaya maskini, tatizo lilikuwa aibu. Mwezeshaji aliwaomba watu waseme wenyewe kaya maskini sana ni ipi, wakataja: isiyo na uhakika wa mlo, yenye watoto wanaokosa mahitaji ya shule, yenye nyumba mbovu. Vizuri. Kisha wakaanza kutaja majina, na uwanja ukawa mzito. Mzee mmoja aliposikia lake alisimama, akavua kofia, akasema: "Mimi si maskini. Nimepitwa tu na mwaka mbaya." Jina likaondolewa kwa heshima. Mwaka mbaya ukafuatwa na mingine miwili. Yule mzee hakuwahi kurudi kuomba, na wanawe wote wawili waliacha shule kwenda kuchunga ng'ombe za watu. Miaka michache baadaye mambo yamegeuka: mwenye heshima ni yule aliye daftarini, na umaskini umekuwa kitu cha kuthibitisha na kukitunza, kama hati ya kiwanja.

Sisemi serikali ingeweza kufumba macho. Kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, Watanzania wa bara asilimia 26.4 walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Robo ya nchi! Hela ya kuwapa wote haipo, hivyo lazima mstari uchorwe mahali. Na kaya hewa zilikuwepo kweli. Uhakiki uliondoa maelfu, na Februari 2020, akizindua awamu iliyofuata ya mpango, Rais Magufuli alizisema kwa ukali wake unaojulikana. Kwa hiyo dodoso lina sababu zake. Hata kuhitimu, kama wanavyoita kutolewa kwenye mpango ukishainuka, ni wazo zuri kwenye karatasi. Kila mara magazetini kuna picha ya mlengwa amesimama mbele ya nyumba yake mpya ya bati, anashukuru. Ninaamini shukrani yake. Lakini shangazi akiitazama picha hiyohiyo anaona mtu anayekaribia kufutwa, tena kwa picha.

Zile ajira za muda za mpango huohuo, siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, shilingi 2,300 kwa siku wakati ule, sina neno baya nazo. Zilituachia lambo, na ng'ombe wa kijiji chote wanakunywa pale mpaka Agosti, wakiwemo wa baba mdogo. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ni hadithi nyingine. Inagawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya ripoti za vikundi hewa, ikarudi mwaka uliofuata. Nilimuuliza shangazi kwa nini hajaomba. "Ule ni wa wenye kalamu," akasema. Katiba ya kikundi, akaunti, andiko la mradi: anayeweza kuyaandaa yote hayo tayari ameshapiga hatua tatu mbele yake. Tuliache hapo.

Nilichoanza kutafuta ni msaada usiouliza paa. Upo, na tunao ndani ya muungano huuhuu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliofikisha miaka 70, shilingi 20,000 kila mwezi, tajiri na maskini, aliyekuwa waziri na aliyekuwa mchukuzi bandarini. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wenye akili za hesabu watasema ni ufujaji, yaani unampa mwenye ghorofa hela ya umma. Ndiyo. Lakini tazama inachokinunua: mzee wa Pemba akijenga, akifuga, akifungua genge la ndizi, hakuna kinachopungua. Umri haufichiki nyuma ya kitanda na haupungui kwa kufanya kazi. Hata elimu bila ada iliyoanza 2016 iko hivyo. Madarasa yalifurika, walimu walizidiwa, mengi yanaweza kusemwa, ila sijawahi kusikia mtu aliyeacha kuezeka ili mwanawe asifukuzwe shule.

Na kama bara hatuwezi kulipa kila mzee, basi angalau muda. Mwambie mtu siku anayoandikishwa: una miaka mitano, tano kamili, jenga ghorofa ukiweza, hela yako iko palepale mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo utaondoka hata kama bado una udongo juu. Najua ina ukatili wake. Kuna ambao miaka mitano haitawatosha, na wazee kama shangazi haiwafai kabisa. Lakini watu wetu wanajua kupanga kwa msimu. Wanachoshindwa kupanga ni kwa jicho la mtu anayeweza kupita siku yoyote na kutazama juu.

Nilimsimulia shangazi habari za Zanzibar tukiwa tunachambua mboga za mlenda. Yeye sasa ana zaidi ya sabini. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Wanauliza na bati?"

"Hawaulizi."

"Wala mbuzi?"

"Wala mbuzi. Miaka yako tu."

Akachambua kidogo. "Wewe ungekuwa na adabu ungenitafutia mchumba Unguja."

Nilirudi tena Januari iliyofuata. Mvua ilikuwa imeanza usiku ule, kubwa, na kutoka uani nikasikia sauti ambayo sikuitegemea kwenye boma lile, ule mlio wa mvua juu ya bati. Nikatoka na tochi. Alikuwa ameezeka banda la kuku. Mabati manne, yamepigiliwa vizuri, na mchirizi wa maji unaelekea kwenye pipa. Ndani kuku walikuwa wamekaa kwenye vijiti vyao, wakavu, wananitazama kwa dharau.

Nikaingia ndani. Shangazi alikuwa macho, anasogeza beseni.

"Dodoso liliuliza nyumba," akasema kabla sijafungua mdomo. "Banda halikuuliza."